iPhone au Android kwa Mwenzako? Anzia Kwenye Laini Zake

Ukiingia duka la simu Kariakoo ukamwambia muuzaji kuwa unatafuta simu ya mke wako, swali lake la kwanza litakuwa una shilingi ngapi. Ndiyo kazi yake, humlaumu. Lakini kama umefika pale huna jibu lingine zaidi ya hilo la pesa, utatoka na simu inayolingana na mfuko wako, na mwenzako ndiye atakayeishi nayo miaka mitatu au minne ijayo.

Ubishi wa iPhone na Android una karibu miaka ishirini sasa. iPhone ilitoka mwaka 2007, simu ya kwanza ya Android ikafuata 2008, na tangu hapo vijiwe havijanyamaza. Ubishi huo haukusaidii unapomnunulia mtu mwingine. Zote mbili zinapiga simu, zinatuma pesa, zinafungua WhatsApp na kupiga picha nzuri. Kinachokuja kumsumbua mtu ni mambo ya maisha yake ya kila siku: ana laini ngapi, anasoma vizuri lugha gani, fundi wa mtaani kwake anajua kutengeneza nini, na akaunti iliyo ndani ya simu ni ya nani. Yachunguze hayo kwanza, nembo utaichagua baadaye bila shida.

Zawadi ya kushtukiza inapendeza ikiwa kitenge au manukato. Simu mpeleke mwenyewe dukani, aishike, aipime kwa mkono wake, ajaribu kuandika kwa kidole gumba akiwa amesimama. Kama ni lazima iwe siri, basi kaa naye jioni mbili tatu utazame anavyotumia ile aliyonayo. Anaandika au anatuma sauti? Anasogeza simu mbali ili asome? Chaji inamwishia saa ngapi, na akiwa wapi? Picha anazihifadhi au anazifuta kila wiki kwa sababu nafasi imejaa? Majibu ya maswali hayo ndiyo utakayoyapeleka kwa muuzaji.

Laini mbili, pesa mbili

Hapa kwetu mtu mwenye laini mbili ni wa kawaida kabisa. Mama mwenye banda la chakula Buguruni anapokea malipo kwa M-Pesa ya Vodacom, lakini michango ya kikoba inakwenda Airtel Money. Laini zote mbili anataka ziwe hewani muda wote, kwa sababu mteja akilipa na ujumbe usiingie, sahani haiondoki mezani.

Android nyingi, hasa za bei ya chini na ya kati, zina nafasi mbili za kadi, na baadhi zinaongeza ya tatu kwa ajili ya memori kadi. iPhone nazo zinabeba laini mbili tangu XS na XR za mwaka 2018, ila kwa namna yake: kadi moja ya kawaida, na laini ya pili iwe eSIM, yaani laini isiyo na kadi, inayoingizwa kwenye simu kwa kuskani msimbo wa QR. Kabla hujamwahidi mwenzako iPhone, nenda duka la mtandao wake uulize kama wanatoa eSIM na kama laini anayoitumia sasa inaweza kuhamishwa kuwa eSIM bila kubadili namba.

Kuna jambo ambalo watu hawalifikirii mpaka liwakute. Simu yenye kadi ikizima ghafla usiku, unaichomoa laini, unaiweka kwenye simu ya jirani, unapiga *150*00# na pesa yako unaiona. eSIM haichomoki. Imebaki ndani ya simu iliyokufa, na kuihamisha kutahitaji msaada wa mtandao wenyewe. Kwa mtu ambaye mtaji wa kesho asubuhi umelala kwenye simu, huo ni usumbufu mkubwa. Ukimnunulia iPhone, basi laini yenye pesa nyingi ikae kwenye kadi na ile ya pili ndiyo iwe eSIM.

Halafu kuna iPhone zisizo na tundu la kadi kabisa. Zote zilizouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 ziko hivyo. Kwa iPhone 17 ya mwaka 2025, hali hiyo imefika pia Falme za Kiarabu, Oman, Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain, na iPhone Air haina tundu popote duniani. Hili linatuhusu moja kwa moja, maana simu nyingi zinazoingia Dar, Mombasa na Zanzibar zinapitia Dubai, na shemeji aliyeko Marekani anayekuja likizo ndiye anayebebeshwa oda za ukoo mzima. Kama unamwagiza mtu, mwambie wazi: yenye tundu la laini. Kama unanunua hapa, fungua Settings, ingia General, kisha About, usome Model Number. Ikiishia na LL/A, ni ya soko la Marekani. Ikiishia na ZA/A ni ya Hong Kong, na CH/A ni ya China bara. Nyingi kati ya hizo mbili za mwisho zina nafasi ya kadi mbili za kawaida, na kwa mtu wa M-Pesa na Airtel Money hiyo ndiyo iPhone inayomfaa.

Anazungumza na nani

Wamarekani wakibishana kuhusu simu wanasema sana juu ya ujumbe wa iPhone kwenda iPhone, na watoto wa shule kule wanatengana kwa sababu ya rangi ya ujumbe. Usiuchukue ubishi huo ukauleta nyumbani kwako. Familia zetu, vikoba vyetu, kamati za harusi na makundi ya wazazi wa shule viko WhatsApp, na WhatsApp ni ileile pande zote mbili.

Unachopaswa kuuliza ni kuhusu watu wake wa karibu. Kama dada zake wawili wako London na kila Jumapili wanapigiana FaceTime, ile simu ya video ya Apple, yeye akiwa na Android atakuwa wa kusubiri kiungo: tangu 2021 mwenye iPhone anaweza kumtumia mwenye Android kiungo akaingia kwa kivinjari, lakini hawezi kuanzisha yeye. Ikiwa wewe mwenyewe ndiye uliye mbali, angalia sheria za ulipo. Falme za Kiarabu zimezuia simu za WhatsApp na za FaceTime, hivyo kumnunulia mke iPhone ili muonane kwa FaceTime ukiwa Dubai ni kupoteza pesa. Kule watu wanatumia programu zilizoruhusiwa kama Botim, nayo ipo kwenye Android na iPhone sawasawa.

Fikiria pia nani atamsaidia akikwama. Mtu hujifunza simu kwa kuuliza aliye naye jirani. Kama binti yenu, shoga yake na wenzake wa kazini wote wana Samsung, iPhone itamfanya awe peke yake kila anapotaka kujua kitu kidogo. Kinyume chake ni kweli vilevile.

Lugha, macho na vidole

Simu nyingi za Android zina Kiswahili katika orodha ya lugha. Ukichagua, menyu zinageuka: mipangilio, hifadhi, betri, vyote vinasomeka. Menyu za iPhone hazina Kiswahili. Kwa aliyezoea Kiingereza cha ofisini hili si kitu. Kwa mzazi mwenzako aliyesoma shule kwa Kiswahili na anayepata shida kutofautisha onyo la kweli na tangazo, ni jambo kubwa, kwa sababu anayeshindwa kusoma anachokubali ndiye anayetapeliwa kwa urahisi. Kibodi ya Google nayo inapokea Kiswahili cha kusema tangu 2017: anaongea, maneno yanajiandika. Nimeona wanaume watu wazima, mafundi wenye vidole vikubwa, wakianza kuandika ujumbe mrefu kwa mara ya kwanza baada ya kuonyeshwa kile kitufe cha maikrofoni.

Njia ya kufungua simu nayo isikupite. iPhone nyingi tangu ile X ya mwaka 2017 zinafunguliwa kwa uso. Mwanamke anayevaa nikabu atajikuta anaandika namba ya siri kila mara akiwa nje. Kuanzia iPhone 12 upo mpangilio, uliokuja 2022, wa kumtambua mtu kwa sehemu ya macho tu. Ajaribu mwenyewe akiwa amevaa kama anavyovaa, kabla hamjalipa. Android nyingi zina alama ya kidole, ambayo kwake itakuwa rahisi. Ila kidole nacho kina watu wake. Anayefua kwa mikono kila siku, anayeponda kokoto, anayeshika saruji, alama zake hufifia, na wanaosajili laini kwa alama za vidole wanalijua hili vizuri. Kwa mtu kama huyo, simu inayotambua uso ni nafuu ya kweli.

Bei ya leo na bei ya mwaka wa tatu

Usilinganishe bei ya iPhone na ya Android siku ya kununua tu. Uliza simu hiyo itaendelea kupokea masasisho hadi lini. Sasisho ndilo linaloziba matundu ya usalama, na programu za benki na WhatsApp huacha kufanya kazi kwenye mifumo iliyozeeka. Mei 2025 WhatsApp iliacha kutumika kwenye iPhone zisizofikia mfumo wa iOS 15.1, na hapo iPhone 5s, 6 na 6 Plus zikatoka kwenye mchezo. Kuna watu waliouziwa simu hizo kwa bei poa muda mfupi kabla ya hapo.

Apple ina historia nzuri kwenye jambo hili. iPhone 11 ya mwaka 2019 ilipokea iOS 26 mwaka 2025, huku XR na XS za 2018 zikiachwa. Upande wa Android inategemea aliyeiunda. Samsung ilipotoa Galaxy S24 mwanzoni mwa 2024 iliahidi miaka saba ya masasisho, kama Google ilivyofanya na Pixel 8. Habari njema kwa mfuko wa kawaida ilikuja mwishoni mwa 2024: Galaxy A16, ambayo si simu ya matajiri, ilipewa ahadi ya miaka sita. Simu nyingine nyingi za bei hiyo na chini yake hupewa muda mfupi zaidi, na nyingine muuzaji hawezi kukwambia chochote. Asiyeweza kukwambia, chukulia ni muda mfupi.

Tecno, Infinix na itel ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, iliyojijenga Afrika kwa kutusikiliza: laini mbili, betri kubwa, kamera inayoipatia ngozi nyeusi. Sizidharau hata kidogo. Vioo vyake vinapatikana Kigoma na Songea, na zina vituo vyao vya huduma viitwavyo Carlcare. Ila soma boksi kwa makini. Ukiona RAM imeandikwa kwa jumla, kama 4 kujumlisha 4 ni 8, basi RAM halisi ni ile 4. Nyingine imeazimwa kwenye hifadhi ya simu na haina kasi ileile. Kwa mtu mwenye makundi mengi ya WhatsApp na programu ya benki, mtafutie yenye RAM halisi isiyopungua GB 4, na ukiweza 6. Hifadhi isipungue GB 128. Kwenye iPhone jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa haina nafasi ya memori kadi: utakachonunua ndicho atakachokufa nacho.

Huawei za miaka ya karibuni zina kamera za kupendeza, lakini tangu vikwazo vya Marekani vya 2019 simu zake mpya hazina huduma za Google. Usimpe mtu asiyependa kuhangaika.

Simu ya mkopo ikichelewa kulipwa hujifunga. Kabla hujaweka saini, kumbuka simu itakayojifunga ni yake, akiwa sokoni au akiwa na mtoto hospitali, hata kama aliyechelewesha malipo ni wewe.

Ukiangukia iPhone ya mtumba

Watu wengi wanaosema wanamnunulia mwenza iPhone wanamaanisha iPhone iliyotumika, na si vibaya. iPhone 12 au 13 iliyotunzwa ni simu nzuri kuliko Android mpya nyingi za bei ileile. Lakini hapa ndipo penye vilio vingi, kwa hiyo fanya ukaguzi ukiwa bado umeshika pesa yako.

Mwambie muuzaji aifute simu mbele yako, irudi kama mpya, kisha mwendelee nayo hadi ukurasa wa mwanzo. Ikidai akaunti ya mtu usiyemjua, imefungwa na mwenye nayo, iache. Kufuli hilo lipo tangu 2013 na fundi anayekwambia atalitoa kesho anakudanganya au anakuuzia tatizo. Android nazo zina kufuli la namna hiyo tangu 2015, kwa hiyo jaribio ni lilelile. Kwenye About tafuta Carrier Lock isome No SIM restrictions. Ukikuta kadi nyembamba imebandikwa chini ya laini, simu hiyo imefungwa na mtandao wa nje na siku ya sasisho itakataa laini zenu.

Ukurasa huohuo wa About unaonyesha mengine. Model Number ikianza na M, iliuzwa ikiwa mpya. F ni iliyorekebishwa na Apple. N ni iliyotolewa kufidia simu iliyoharibika. Ukikuta sehemu ya historia ya vipuri, itakwambia kama kioo au betri vilibadilishwa na kama ni vya asili. Afya ya betri ikiwa chini ya asilimia 80, punguza bei ya betri mpya hapo hapo. Jaribu kufungua kwa uso wa mwenzako, usiridhike na maelezo ya muuzaji, maana mfumo ule ukishaharibiwa na fundi wa mtaani haurudi kirahisi.

Kwa simu yoyote, piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu. Tanzania, tuma namba hiyo kwenda 15090 uone kama majibu yanalingana na simu uliyoshika mkononi. Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia, na wengi walijua siku hiyo kuwa walikuwa na simu feki.

Kuhusu chaja, iPhone 15 ya mwaka 2023 ndiyo ya kwanza kutumia USB-C, tundu lilelile la Android za sasa. Kuanzia hapo waya mmoja unatosha nyumba nzima. Ya nyuma ya hapo inataka waya wake, na umeme ukirudi kwa saa mbili tu, kila mmoja anataka tundu lake la ukutani.

Akaunti iwe yake

Hapa ndipo ningekuomba unisikilize kuliko kwingine kote. Anayenunua simu ndiye mara nyingi anayeiwasha, na kwa kuwa ana haraka, anaingiza akaunti yake mwenyewe: ile ya Apple, au Gmail yake. Inaonekana ni msaada. Kumbe siku hiyo simu mbili zimefungwa kamba moja. Kwenye iPhone, majina, picha na orodha ya simu zilizopigwa huanza kuchanganyika. Dada yake akipiga FaceTime inalia kwako. Yeye akifuta namba ya fundi cherehani asiyemtaka, inafutika na kwako. Kwenye Android, picha na majina vinaenda ghala moja, na mahali alipopita panaweza kubaki kwenye rekodi zako.

Baya zaidi ni kwamba nywila ni yako. Ukifariki, ukisafiri usipatikane, mkitengana, au ukiisahau tu, simu ile haitamtii. Mjane anayeshindwa kufungua picha za mumewe zilizo ndani ya simu yake mwenyewe ni jambo linalotokea, na fundi hana la kumsaidia. Kama unachotaka ni kumfuatilia bila yeye kujua, kaeni mzungumze. Simu isiwe njia ya jambo hilo.

Kwa hiyo akaunti ifunguliwe kwa jina lake, kwa namba yake, akiwa ameshika simu yeye. Nywila aibuni mwenyewe, aiandike kwenye karatasi aiweke anapoweka kitambulisho chake cha NIDA. Akaunti ya Apple haihitaji kadi ya benki kwa programu za bure. Kwenye njia ya malipo achague None. Namba ya kurejeshea akaunti iwe laini yake ya kudumu, na kama anataka ya pili, achague yeye ni ya nani. Tangu Desemba 2021 iPhone inamruhusu mtu kumtaja atakayerithi data zake, na Google ina mpangilio wa namna hiyo kwa akaunti iliyoacha kutumika. Kumbuka pia kuwa Google sasa inaweza kufuta akaunti isiyoguswa miaka miwili, kwa hiyo Gmail ya zamani aliyofungua na kuisahau, aifufue kama kuna picha za watoto humo.

Mkikubaliana kuonyeshana mlipo, iwe pande zote mbili, na kila mmoja ajue kuzima.

Hifadhi ya bure ya mtandaoni itawashika mapema. Apple inatoa GB 5, Google GB 15 zinazogawanywa kati ya Gmail, picha na nakala za WhatsApp. GB 5 hujaa haraka kwa mwenye watoto wadogo, na zikijaa, nakala zinasimama. Amueni mapema: mtalipia kila mwezi, na kwa kadi ya nani, au picha zitahamishiwa kwenye kompyuta kila baada ya muda.

Uamuzi wangu

Kwa mke au mume mwenye biashara ndogo, laini mbili, anayependa menyu ya Kiswahili na anayeishi mbali na miji mikubwa, ningenunua Android, na kati ya hizo ningeanza na Samsung ya daraja la A yenye ahadi ndefu ya masasisho, kisha Infinix au Tecno yenye RAM halisi ya kutosha. Kwa anayeuza kwa picha na video, mpambaji wa maharusi, mshonaji, mwenye saluni anayefuatwa Instagram, ningejikaza ninunue iPhone yenye tundu la kadi, hata ya mtumba, kwa sababu video zake zinatoka vizuri bila kuhangaika na ndizo zinazomletea wateja. Kwa mtu ambaye tayari yuko upande mmoja na ameridhika, nisingemhamisha. Kuhama kuna gharama yake, na anayelipa ni yeye.

Siku ya kuhama

Kwa Android kwenda Android, au iPhone kwenda iPhone, WhatsApp inahamisha mazungumzo kwa kuskani QR simu mbili zikiwa karibu. Kutoka Android kwenda iPhone kuna njia tangu 2022, kupitia programu ya Move to iOS: simu zote mbili kwenye chaji, namba ileile, na iPhone iwe bado haijaanza kutumika. Mume anayeitayarisha iPhone usiku ili asubuhi mke aikute iko tayari ndiye anayeiziba njia hii, kwa sababu itabidi ifutwe upya. Nakala iliyoko Google Drive haisomwi na iPhone.

Majina aliyohifadhi kwenye laini, iPhone inaweza kuyavuta, lakini haiandiki mapya kwenye laini. Kwa hiyo siku akiichomoa kadi kuiweka kwenye kitochi, namba mpya hatazikuta. M-Pesa inakwenda na laini, ila programu yake na ya benki zitataka kusajiliwa upya, na benki nyingine hutaka ufike tawini. Afanye hilo simu ya zamani ikiwa bado inawaka.

Simu hiyo ya zamani ikae nyumbani wiki mbili hivi, ikiwa na chaji. Katika muda huo atakumbuka picha aliyoiacha, sauti ya marehemu mama yake iliyo kwenye ujumbe fulani, namba ya mpangaji. Vikishahamishwa vyote, atoe akaunti yake kwa mkono wake kupitia mipangilio, ndipo simu ifutwe. Mkiifuta kwanza kabla ya kutoa akaunti, atakayeinunua anaweza kukutana na kufuli, na kurudi kugonga mlangoni kwenu.